Mgeni, Mtani na Manamba: Uhakiki wa Maelezo ya Wataalamu juu ya Makutano ya Kila Siku, kwa Mfano wa Kigombe

I

Miongoni mwa imani zilizoshika mizizi katika elimu ya jamii tangu Vita vya Pili vya Dunia, iko hii ya kwamba watu wa asili mbalimbali wakikutana mara kwa mara, dhana mbaya baina yao hupungua. Imani hiyo ilipewa sura ya kitaalamu na Gordon Allport, mwanasaikolojia wa Marekani, katika kitabu chake The Nature of Prejudice kilichotoka mwaka 1954. Yafaa atendewe haki: Allport hakusema kwamba kukutana kutupu kunatosha. Alitaja masharti manne. Wanaokutana wawe na hadhi sawa katika makutano yale. Wawe na lengo moja. Washirikiane katika kulifikia. Na mamlaka, sheria au desturi iunge mkono kukutana kwao. Tangu hapo wafuasi wake wameyapima maneno hayo mara nyingi. Mwaka 2006 Thomas Pettigrew na Linda Tropp walikusanya uchunguzi 515 uliofanywa na watu mbalimbali, sehemu kubwa yake nchini Marekani, wakaona kwamba kwa kawaida makutano huendana na kupungua kwa chuki, hata pale ambapo masharti yote manne hayakutimia.

Upande wa elimu ya lugha ilikuwako imani nyingine, isiyotamkwa waziwazi lakini yenye nguvu zaidi: ya kwamba kila mahali pana wenyeji walio na lugha yao, na wageni waliokuja kuichanganya. Mchunguzi wa lahaja, kwa mujibu wa imani hiyo, kazi yake ya kwanza ni kumpata msemaji aliye halisi, aghalabu mzee aliyezaliwa pale pale na ambaye hakusafiri, ili aandike kutoka kinywani mwake maneno yasiyoguswa na mtu wa kuja.

Imani hizi mbili zaonekana kuwa mbali, lakini zina msingi mmoja. Zote mbili huanza na makundi yaliyokwisha kuwako, kisha huuliza yanatendana nini yanapokutana. Makala haya yanazihakiki kwa kuzipeleka mahali pamoja padogo, Kigombe, katika mwambao wa Tanga, na kuuliza kama zaweza kueleza yale ambayo maneno ya watu wa upande huo yenyewe yaeleza. Hoja itakayotetewa ni kwamba makundi hayatangulii makutano. Mara nyingi makutano ndiyo yanayoyazaa. Na kitu kinachoamua kama mtoto huyo atakuwa undugu au dharau ni maneno ambayo makutano yamewapa watu wayatumie, zaidi kuliko wingi wa kukutana kwenyewe.

II

Kigombe iko ufukweni, katika wilaya ya Muheza, kwenye njia iendayo kusini kutoka Tanga hadi Pangani. Ni kijiji cha wavuvi, chenye mikoko, mawe ya matumbawe na mashua, na nyuma yake katika nchi kavu lilienea shamba kubwa la mkonge. Kaskazini yake kidogo pako Tongoni, penye magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo ya mji wa kale uliojulikana kwa jina la Mtang'ata. Vasco da Gama alipita katika maji hayo mwaka 1498, na mwaka 1499, akirudi kutoka Bara Hindi, aliiteketeza hapo moja ya merikebu zake kwa sababu mabaharia waliosalia hawakutosha kuziendesha zote. Kati ya Tongoni na Tanga ipo Machui, na katika kitongoji chake cha Vibambani alizaliwa Shaaban Robert, tarehe 1 Januari 1909.

Kwa watu wa elimu ya lugha, upande huu una umaarufu wake. Mwaka 1956 W. H. Whiteley alitoa, chini ya Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, maelezo yake juu ya Kimtang'ata, akakiita lahaja ya pwani ya Mrima. Hiyo ilikuwa kazi ya kwanza katika mfululizo wa mafunzo ya lahaja ambao hadi leo kila mchunguzi wa Kiswahili huutegemea, na thamani yake haipingwi hapa. Kinachohojiwa ni desturi ya elimu nzima ya lahaja ya nyakati zile, ambayo ililiona neno "Mtang'ata" kuwa jina la usemi wenye mipaka, na ikauacha nje ya ramani umati wa watu waliokuwa wakisema kila siku katika mipaka hiyo hiyo.

Watu hao ni nani? Katika mwambao huu wamekaa Wadigo, Wasegeju, Wabondei, Wazigua na watu wajiitao Waswahili au Washirazi, pamoja na Waarabu na Wahindi wenye maduka. Wavuvi wa Pemba na Unguja hufuata samaki kwa misimu na kupiga dago, yaani kambi za muda, katika fukwe za Mrima. Kisha mkonge ulileta watu wa mbali zaidi. Mmea huo uliingizwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Miche iliyosalimika safarini haikuzidi 62, nayo ilipandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo michache yalienea mashamba ambayo kufikia mwaka 1964 yalikuwa yakitoa zaidi ya tani 200,000 za katani kwa mwaka katika Tanganyika nzima. Mikono ya kuikata haikutosha pwani. Wafanyakazi waliandikwa kutoka Kigoma, Songea, Njombe na Unyamwezi, na wengine wakavuka mipaka kutoka Msumbiji na Rwanda-Urundi. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao maalumu ya kuandika watu, iliyojulikana kwa jina la SILABU, nayo iliwasafirisha wafanyakazi kwa maelfu hadi mashamba ya Tanga.

Basi hapa pana makutano ya kila namna: pwani mnadani, kisimani, msikitini, ngomani, dukani, na katika mistari ya mkonge. Kama nadharia ya Allport ni ya kweli kwa wanadamu wote, yapasa isimame na hapa.

III

Tuanze na mkonge, maana huko ndiko masharti yalikokaribia zaidi kutimia. Wafanyakazi wa mstari mmoja walikuwa na hadhi moja. Kila mmoja alikuwa na kipande chake chenye nafasi za siku 30 za kazi, na hakulipwa mpaka kijae. Kazi yao ilikuwa moja, nyapara wao mmoja, na miiba iliyowachoma ilikuwa ile ile. Kweli, ukaribu ulizaliwa kati yao. Mha na Mngoni wasioelewana kwa lugha za mama zao walielewana kwa Kiswahili walichojifunza kambini. Na katika miaka ya 1950 watu wa asili nyingi waliweza kusimama pamoja katika chama cha wafanyakazi wa mashamba. Mpaka hapo Allport ana haki yake.

Lakini tazama upande wa pili. Wafanyakazi hao hao hawakuishi peke yao. Walinunua samaki na muhogo kutoka kwa watu wa vijiji vya pwani, walikunywa nao tembo, walisali nao, na wengine walioa kwao. Makutano hayo yalidumu miaka mingi, nayo yalizaa neno ambalo kabla yake halikuwako: manamba. Asili ya neno haina siri. Mtu aliyeandikwa alipewa namba, naye akaitwa kwa kile alichopewa. Mha aliyetoka Kasulu, Mbena aliyetoka Njombe na Mmakonde aliyetoka ng'ambo ya Ruvuma, ambao makwao hawakuwa na jina moja linalowakusanya, walifika mwambaoni wakawa kabila moja jipya, kabila la manamba. Jina lile lilisema kwamba wao ni watu wasio na kwao, wachafu, wagomvi, wa kuogopwa usiku. Mtoto wa kijijini alilijua jina kabla ya kumjua mtu.

Jambo hili nadharia haiwezi kulieleza, kwa sababu imejengwa juu ya kuhesabu ni kiasi gani chuki ya kundi la kwanza kwa kundi la pili imepungua. Kabla ya makutano ya Tanga hapakuwa na kundi la manamba la kuchukiwa. Kundi na chuki vilizaliwa siku moja. Mtetezi wa Allport aweza kujibu kwamba sharti la nne lilivunjwa, maana serikali ya kikoloni na wenye mashamba hawakuunga mkono makutano ya haki baina ya kambi na kijiji. Jibu hilo ni la kweli, lakini halimsaidii. Laonyesha kwamba mamlaka haikai pembeni ya makutano ikiyaunga mkono au kuyapinga. Imo ndani yake tangu mwanzo, ikigawa majina ambayo watu watakutana kwayo. Aliyegawa namba hakuwa mwanakijiji. Lakini mwanakijiji ndiye aliyeifanya namba kuwa tusi.

Mwanaisimu ana la kuongeza ambalo mwanasaikolojia hana njia ya kuliona. Neno manamba lina umbo la ngeli ya vitu, kama madebe na makasha. Hata hivyo katika usemi halipatani na ngeli hiyo. Hakuna asemaye "manamba yamefika". Husemwa "manamba wamefika", na mmoja wao ni "manamba huyu". Kwa hiyo katika sentensi ile ile ambamo jina limemvua mtu utu wake, kiambishi cha kitendo kinamrudishia. Haifai kulifanya jambo hili kuwa kubwa kuliko lilivyo, maana ni kanuni ya Kiswahili kwa viumbe vyote vyenye uhai, na ng'ombe naye huipata. Lakini linatufundisha kwamba dharau katika lugha ina mahali pake maalumu pa kukaa, nalo ni jina. Mahali hapo panaweza kuonyeshwa kwa kidole, na kwa sababu hiyo panaweza kubadilishwa. Baadaye neno lilisafiri. Nchini Kenya lilihamia kwa vijana wapakiao abiria katika matatu, likiwa bado na harufu ile ile ya mtu asiye na heshima.

IV

Sasa tuyageuze masharti ya Allport juu chini. Tutafute makutano yasiyo na hadhi sawa wala adabu, yaliyojaa matusi, na ambayo kwa mujibu wa nadharia yangepaswa kuzaa uadui. Hayako mbali. Ni utani.

Mchunguzi aliyeandika mapema juu ya utani wa Tanganyika alikuwa R. E. Moreau, bingwa wa elimu ya ndege aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, katika milima iliyo nyuma ya Muheza. Maandishi yake ya mwaka 1941 na 1944 yalionyesha jinsi makabila yaliyo mbalimbali kabisa, kama Wazigua na Wanyamwezi, yalivyofungwa na kamba ya utani. Na maelezo ya kawaida ni kwamba kamba hiyo ilisokotwa katika vita vya zamani na katika safari za misafara. Wakati huo huo, mwaka 1940, A. R. Radcliffe-Brown alitoa nadharia yake ya kwamba utani ni ruhusa ya kuvunja heshima, ambayo huunganisha urafiki na uhasama katika tendo moja.

Nadharia ya Radcliffe-Brown imesifiwa sana, lakini ina kasoro moja. Imeutazama utani kama mizani, uhasama upande huu na urafiki upande ule, wala haikusikiliza kinachosemwa. Kinachosemwa ndicho chenye uzito. Mtani humwita mtani wake mtumwa. Humkumbusha kwamba babu zake waliuzwa kwa pishi ya nafaka siku za njaa. Kwa Wazigua maneno ya namna hiyo si mzaha wa kubuni, kwa kuwa katika njaa ya miaka ya 1830 wengi wao waliteremka pwani wakaishia utumwani, na kizazi cha baadhi yao hadi leo kipo katika bonde la mto Juba nchini Somalia. Mtani hutamka wazi jambo ambalo katika barza za waungwana halitamkwi ila kwa mnong'ono.

Hapo ndipo penye tofauti. Katika mwambao wa Pangani, kama alivyoonyesha Jonathon Glassman katika kitabu chake Feasts and Riot cha mwaka 1995, karne ya kumi na tisa ilikuwa wakati wa kugombea nani ni mtu wa mji na nani si mtu wa mji. Mtumwa wa shamba la miwa, mpagazi wa bara na Mshirazi mwenye nasaba wote walikutana katika karamu, ngoma na sikukuu, kila mmoja akitaka atambuliwe. Utumwa wenyewe haukufutwa kisheria katika Tanganyika mpaka mwaka 1922. Baada ya hapo neno mtumwa halikufa. Lilijificha katika methali isemayo "mwacha asili ni mtumwa", na katika swali la upole la kumwuliza mtu babu zake walitoka wapi. Ushahidi wa Glassman ni mwingi na hoja yake ina nguvu. Upungufu wake, kwa macho ya mwanaisimu, ni kwamba ameandika zaidi juu ya sherehe kubwa kuliko maneno madogo. Karamu hutokea mara moja kwa mwaka. Salamu hutokea mara hamsini kwa siku.

Katika utani tusi la utumwa lina jibu. Anayetukanwa leo atatukana kesho, na kwa neno lile lile. Tena tusi lina deni: mtani akifiwa, mtani wake ndiye mwenye wajibu wa kushughulika na maiti na kaburi, huku akiendelea na mzaha wake mbele ya wafiwa. Manamba hakuwa na la kujibu. Hakukuwa na jina ambalo angeweza kumrudishia mwanakijiji likawa na uzito sawa, na akifa, kijiji hakikuwa na wajibu juu ya maiti yake. Wengi walizikwa na wenzao wa kambi. Basi kinachotenganisha makutano haya mawili si adabu. Utani una matusi makali kuliko yale ya kijiji kwa kambi. Kinachotenganisha ni kwamba tusi la kwanza lina njia ya kurudi, na la pili halina.

Kipimo hicho chaeleza pia makutano ya duka. Kwa vizazi vingi Mhindi mwenye duka na mteja wake walionana kila siku, wakajuana kwa majina, madeni ya mteja yakiandikwa daftarini. Hata hivyo kujuana huko mara nyingi hakukuvuka meza ya kuuzia. Mteja aliiga Kiswahili cha mwenye duka akacheka; mwenye duka naye alikuwa na maneno yake ya kumtaja mteja akiwa nyumbani, kwa lugha ambayo mteja hakuisikia. Kila upande ulikuwa na mzaha wake, lakini mizaha haikukutana. Hapakuwa na utani kati yao, wala wajibu wa maziko. Mwaka 1971 serikali ilipotwaa majengo ya kupangisha, na wengi wa Wahindi wakahama nchi, makutano ya miaka mingi yalikatika na kuacha madaftari.

V

Imebaki imani ya pili, ya msemaji halisi. Mtu aendaye Kigombe kumtafuta mwenyeji asiyechanganyika atakutana mara moja na Wasegeju, nao watamvunjia kipimo chake. Jamaa zao wa bara, Wadaiso wa Bwiti, bado wana lugha yao, ambayo Derek Nurse ameieleza, na ambayo ni ndugu wa Kikamba na Kikikuyu. Wasegeju wa pwani waliiacha lugha hiyo zamani, wakashika Kiswahili na usemi wa jirani zao Wadigo. Lakini hawakuacha kuwa Wasegeju. Lugha imekwenda, jina limebaki. Kwa upande mwingine Shaaban Robert, ambaye wazazi wake hunasibishwa na Wayao wa kusini kabisa ya nchi, alizaliwa Machui, akaandika Kiswahili ambacho wanafunzi wa vizazi vingi wamefundishwa kuwa ndicho kielelezo cha ufasaha. Kwa kipimo cha msemaji halisi, mwandishi mkuu wa mwambao huu ni mtoto wa watu wa kuja.

Fredrik Barth alikwisha kueleza, mwaka 1969, kwamba mpaka baina ya makundi haulindwi kwa kutengana bali kwa kutendana; na William Labov, mwaka 1963, alionyesha kwamba wavuvi wa kisiwa cha Martha's Vineyard huko Marekani walizidisha matamshi yao ya kienyeji kwa sababu wageni wa likizo walikuwa wengi kati yao. Usemi wa kienyeji, basi, ni jibu kwa mgeni, wala si masalia ya siku ambazo mgeni hakuwapo. Kama hivyo ndivyo, mchunguzi wa lahaja aliyemfukuza mgeni nje ya daftari lake amefukuza sababu ya kile anachokiandika.

Kosa hilo lingekuwa dogo kama lingebaki katika maktaba. Lakini halikubaki. John Iliffe, katika historia yake ya Tanganyika ya mwaka 1979, ameeleza jinsi utawala wa kupitia machifu, ulioanzishwa na Gavana Donald Cameron katikati ya miaka ya 1920, ulivyowataka watu wawe na kabila ili watawalike, nao watu wakajitengenezea makabila ya kutosha haja hiyo. Orodha za wataalamu zilitumika. Baada ya uhuru nchi ilichagua njia nyingine. Hesabu ya watu ya mwaka 1967 ilikuwa ya mwisho kuuliza kabila, na neno ndugu likapewa kazi ya kumwita kila raia. Ulikuwa uamuzi wa busara, na matunda yake yaonekana hadi leo. Hata hivyo swali la nani mwenyeji halikuondoka. Lilihama tu kutoka katika kabila likaingia katika haki ya kutumia vitu.

Katika miaka ya 1990 mpango wa kuhifadhi mwambao wa Tanga, ulioanza mwaka 1994, uliichagua Kigombe kuwa miongoni mwa vijiji vya kwanza vya kujaribia usimamizi wa pamoja wa bahari. Sehemu ya bahari iliyowekwa chini ya usimamizi huo ilipewa jina la kale, Mtang'ata. Shabaha yake ilikuwa njema: kufunga baadhi ya matumbawe, kuzuia baruti na nyavu haribifu, na kuwapa wanavijiji sauti. Mwaka 2009 ilitangazwa pia hifadhi ya bahari ya silikanti, samaki yule wa kale, inayoigusa Kigombe. Lakini usimamizi wa wanakijiji wahitaji kujua mwanakijiji ni nani. Je, mvuvi wa Pemba apigaye dago kila msimu, kama baba yake kabla yake, ni mwenyeji au ni mgeni? Na mjukuu wa manamba aliyeshika mashua baada ya bei ya mkonge kuanguka? Na baruti inapolia baharini, ni rahisi sana kwa kila kijiji kusema kwamba aliyeitupa katoka kwingine. Hapo neno mgeni lina samaki ndani yake, lina mashua na mlo wa jioni. Mtaalamu anayetoa cheti cha uhalisi kwa usemi wa mzee mmoja, na kuunyima usemi wa jirani yake, atambue kwamba cheti hicho kinaweza kusomwa mahali ambapo yeye hakukusudia.

VI

Waswahili wenyewe wana nadharia yao juu ya makutano, na yafaa ihakikiwe kama zile nyingine. Methali husema: "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Aghalabu hufasiriwa kuwa onyo kwa mgeni asikae mno. Lakini yaweza kusomwa kwa njia nyingine. Anayepewa jembe hafukuzwi. Amepewa kazi ya mwenye nyumba. Methali haimtaki awe na asili ile ile, wala haimwulizi babu zake. Yataka ashike mpini. Kwa maana hiyo imekwenda mbali kuliko Allport, kwa kuwa haingoji hadhi sawa ndipo ushirikiano uanze. Ushirikiano ndio unaoleta hadhi.

Hata hivyo methali ina shimo lake. Manamba alipewa jembe siku ya kwanza, wala hakupewa siku mbili za ugeni. Alifanya kazi kuliko mtu yeyote katika mwambao huu, na kazi hiyo haikumfanya mwenyeji. Jembe peke yake, basi, halitoshi, kama vile kukutana peke yake hakutoshi. Ukarimu wa siku mbili ndio unaolipa jembe maana yake, kwa kuwa ndani ya siku hizo mgeni huulizwa jina lake na kulitaja mwenyewe. Asiyeulizwa jina hupewa namba.

Kutokana na hayo, kazi tatu zinawangoja wachunguzi wa Kiswahili. Ya kwanza ni kuandika usemi wa makutano yenyewe: mnada wa samaki, foleni ya kisima, mzaha wa msibani, mabishano ya bei, na ndani yake usemi wa wanawake wachuuzi, ambao hupita baina ya mashua, kambi na kijiji kuliko mwanamume yeyote, na ambao elimu ya lahaja haikuwatilia maanani ya kutosha. Ya pili ni ya watunga kamusi. Maneno kama mshenzi, mtu wa kuja, manamba na hata Mswahili hayafasiriwi kwa kueleza tu ni mtu wa namna gani. Yapasa ielezwe nani humwita nani kwa neno hilo, na kama anayeitwa ana neno la kujibu. Kamusi inayosema kwamba mshenzi ni mtu asiyestaarabika imechukua upande katika ugomvi bila kuwaambia wasomaji kwamba ugomvi upo. Ya tatu ni kwa wale wanaopima nadharia za ng'ambo katika nchi hii. Kabla ya kuhesabu ni mara ngapi watu wa makundi mawili wamekutana, waulize makundi hayo yalipata majina yake lini, na kwa kinywa cha nani.

Wazee wengi waliokata mkonge katika miaka ya mwisho ya SILABU wamekwisha kufa, na waliobaki wana umri mkubwa. Maneno waliyoitwa yamo katika kamusi. Maneno waliyojiita wao kwa wao kambini, kwa Kiha, Kibena, Kingoni na Kimakonde na kwa Kiswahili chao wenyewe, hayajaandikwa, na muda wa kuyaandika ni mfupi.